Vile Mama Aliuliza Mudogo Wangu Maswali ya Amerika

Siku ile telefone ililia tulikuwa wane mu nyumba yetu ya Bukavu, na wa tano alikuwa ndani ya telefone. Kwanza mimi. Kisha mama yetu, mwenye kutuzaa, iko juu ya kitanda yake kidogo karibu na mulango, fasi, mahali jua inaingiaka asubui. Kisha binti yangu wa kwanza, ule anatumikaka mu biro, ni kusema ofisi, yeye njo mwenye telefone. Kisha jirani yetu, mama muuza makala, mutu wa Kamituga. Alikuja kuomba chumvi, chumvi tulishamupatia, lakini aliposikia sauti inatoka Amerika akavuta kiti na kukaa. Wa tano ni mudogo wangu wa kike. Mimi nilinyonya mbele, yeye akanyonya kisha, kati yetu hakuna mwengine.

Majina yao niko nayo. Nakumbukaka jina ya kila mutu nilionana naye, hata ya watoto tuliokaa nao ku benchi ya katekisimu, na wengi wao wako chini ya udongo. Lakini binti yangu aliniambia: mama, ukiandika mambo ya nyumba, majina yabakie mu nyumba. Basi nimeyaacha kule. Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu ya shule ya primaire, naandika vile nasemaka.

Mudogo wangu aliniita yaya, vile tunaitaka dada mukubwa: "Yaya, egzame imenishinda, ule mtihani wao."

Binti yangu aliweka telefone juu ya meza ili wote tusikie. Mama yetu hasikiaki Swahili vizuri, yeye ni mutu wa Mashi, luga ya kilima chetu, lakini alisikia sauti ya mutoto wake namna ilikuwa imeshuka, akaniuliza mu Mashi: "Anagonjwa?"

Nikasema: "Hapana mama. Ni masomo."

"Masomo gani? Na ule uzee?"

Lazima nieleze. Mudogo wangu alikimbia wakati wa vita, akapita mu kambi ya wakimbizi, na toka kule wakamupeleka Amerika na watoto wake. Iko kule tangu zaidi ya miaka makumi mbili. Alitumika kufua mashuka ya hospitali. Lakini karatasi ya mukimbizi, vile alinieleza, ni kama mulango unaofunguka upande moja tu. Inakuruhusu kwenda mbali, lakini haipende urudie mu inchi uliyokimbia. Watakuuliza: kumbe ulikuwa unakimbia nini? Ili aweze kukanyaga tena Bukavu na kurudia kwake bila woga, ilifaa awe raia wa Amerika, awe na paspori ya Amerika. Na yeye hakutaka Bukavu kwa ajili ya Bukavu. Alitaka kuona mama. Mama yetu alikuwa ameshapita umri wa watu wote tuliojua ku kilima chetu cha Walungu, fasi tulizaliwa, na kila mwaka nilimuona akipunguka, kama sabuni.

Ili wakukubali uraia, kuna biro moja unaingia, wanakuuliza habari ya inchi yao. Nani anatunga sheria. Mwezi gani wanachagua presida. Sababu gani drapo, bendera yao, iko na nyota makumi tano. Vijana wanajibu mu Kiingereza, na orodha yao ni ndefu. Lakini wazee waliokaa kule miaka mingi kama mudogo wangu wanawahurumia. Wanawapatia maswali ishirini tu ya kujifunza, na mutu anajibu mu luga yake, kuna mutafsiri pembeni. Ku ile ishirini wanachagua kumi, ukipata sita umepita. Mudogo wangu alijifunza yote ishirini. Aliyajua vile anavyojua Baba Yetu.

"Basi imekushinda namna gani?" binti yangu aliuliza. "Tantine, mama mudogo wangu, juzi ulituambia yote bila kosa!"

"Niliambia yote kwa mustari," akasema mudogo wangu. "Ule papa wa biro, ule bwana mwenye kuuliza, hakufuata mustari."

Hapo mimi nilielewa mbele ya wengine, juu ya sababu nilikaa naye ku benchi moja. Wakati tulikuwa watoto, katekisimu haikusomwa, iliimbwa. Mwalimu alisimama na fimbo yake, anauliza swali ya kwanza ku mutoto wa kwanza, ya pili ku wa pili, mpaka mwisho wa benchi, kisha anarudia ku mwanzo. Hakurukaka hata siku moja. Ulijua swali yako kwa kumusikia mutu aliyekaa mbele yako: yeye akimaliza, mudomo yako inafunguka yenyewe. Mudogo wangu alikaa nyuma yangu. Ukimutoa mu mustari ukamuuliza "Mungu iko wapi?", alilazimika kuanza ku "Nani alikuumba?" na kushuka kimya kimya mpaka afike.

Na maswali ya Amerika alijifunza vile vile. Akachukua rozari. Makumi mbili ya rozari ni shanga ishirini, na maswali ni ishirini. Kila swali akaipatia shanga yake.

"Ule papa," mudogo wangu akaendelea, "ananiuliza mwezi wa kuchagua presida. Mimi naanza ku shanga ya kwanza, nashuka mbio mbio, mukono iko chini ya meza. Ninapofika, yeye amechoka kungoja, ameshauliza ingine: muji mukubwa wa Amerika ni gani? Mimi najibu kwa nguvu: Mwezi wa kumi na moja!"

Jirani yetu akafunika mudomo na mukono.

"Anauliza: mutu anaruhusiwa kuchagua akiwa na miaka ngapi? Mimi bado niko ku drapo, swali yake ya mbele. Najibu: Makumi tano!"

"Yesu wangu!" jirani akapasuka. "Inchi ya bazee batupu! Mimi naenda kule, hapa batoto banatusumbua."

Tukacheka, na mudogo wangu pia akacheka kule, kisha kicheko chake kikageuka. Alilia. Tukasikia vile analia. Mama yetu akanyoosha mukono hewani kama vile mutoto angekuwa pale.

Walimupatia nafasi ya pili, arudie kisha miezi kama miwili. Ikimushinda tena, kila kitu kinaanza upya, na kungoja upya, na hakuna mutu alisema kwa sauti kile tulichokuwa tunafikiri wote tukiangalia ile kitanda kidogo karibu na mulango.

Binti yangu, mutu wa masomo, akasema dawa ni kuchanganya. Kila jioni akitoka ku kazi alimupigia, anauliza ovyo ovyo, ya kumi na tatu, ya ine, ya kumi na kenda. Tulisikia mudogo wangu anasema "ngoja, ngoja kidogo", na ndani ya telefone shanga zinalia ti, ti, ti.

"Tantine, acha rozari!"

"Nimeiweka."

"Tunaisikia!"

Aliiacha kweli, lakini tukasikia vidole vyake vinagonga ku meza.

Nikasema, mupatie mimi, mimi ni mukubwa wake, nitamuuliza. Ilikuwa mubaya zaidi. Nikimuuliza swali, ananyamaza. Namwambia: sema! Ananyamaza. Kisha anasema pole pole: "Yaya, nangojea wewe ujibu yako kwanza." Miaka sitini imepita, na bado alikuwa nyuma yangu ku benchi.

Wakati ule wote mama yetu alikuwa anasikiliza. Kila siku ananiuliza munamusumbulia nini huyu mutoto, na mimi namugeuzia maswali mu Mashi, moja moja, huku nachambua sambaza, samaki kidogo za ziwa, za kukaanga. Hapa njo nataka niandike vizuri, juu sijaona kitu kama kile. Mimi niliyasikia yale maswali kama masomo ya shule. Mama aliyasikia kama habari ya watu wanaoishi kweli.

Namwambia: "Wanamuuliza, nani anatunga sheria. Yeye anajibu: ni baraza kubwa, iko na nyumba mbili."

"Nyumba mbili, za wake wawili?"

"Hapana mama. Wakubwa mu nyumba moja, na wajumbe wa watu mu nyumba ya pili. Lazima nyumba zote mbili zikubali."

Akafikiri. "Na kama moja inakataa?"

"Sheria haipite."

"Hata presida akiitaka?"

"Hata akiitaka."

Aliweka mukono ku kifua. Akaiacha pale mpaka sambaza zikaiva.

Siku ingine nilimwambia ile swali ya uhuru. Wanauliza: taja uhuru moja mutu iko nayo kule. Unaweza kujibu, kusema. Unaweza kujibu, kuomba Mungu vile unataka. Unaweza kujibu, kuambia serikali kosa yake.

"Kuambia serikali kosa yake," mama akarudilia. "Kisha?"

"Kisha nini, mama?"

"Kisha ule mutu analala wapi?"

"Kwake."

"Mu kitanda yake?"

"Njo vile wanaandika."

Aligeuka akaangalia inje, kule chini fasi ziwa inaonekanaka kati ya mabati ya watu. Mama yetu aliona wazungu wa zamani, na bwana mukubwa wa kwanza wa uhuru, na wote waliofuata. Aliona watu wenye bunduki za kila namna wakipanda ku kilima chetu, na kila kundi ilisema, sisi njo serikali. Kisha akasema, polepole kama mutu anasali: "Na mutoto wangu, mufua mashuka, wanamungojea yeye awaambie hiyo? Wao wenyewe hawajue?"

"Wanajua, mama. Wanataka kusikia kama yeye anajua."

"Wanataka mutu wa inje ajue namna ya kuwaambia kosa yao," akasema, "mbele hawajamufungulia mulango." Na mimi niliyekuwa nimerudilia ile swali zaidi ya mara mia njo siku ile niliisikia mara ya kwanza.

Siku moja, telefone iko juu ya meza, binti yangu anauliza, mudogo wangu anagonga vidole. Mama yetu akachoka. Akajiinua ku kitanda, yeye ambaye tunamusaidiaka kujiinua, na akaita jina ya mudogo wangu. Si jina ya ubatizo. Ile ya nyumba, ya utoto, ambayo hakuna mutu alikuwa ameitumia tangu alipoolewa.

Kwetu, mama akiita, unaitika. Unaitika kwanza, kisha njo unatafuta sauti imetoka wapi. Ukichelewa, watu watauliza wewe ni mutoto wa nani. Mudogo wangu akaitika pale pale, toka Amerika.

Mama akauliza mu Mashi: "Kule kwenu, nani anatunga sheria?"

"Baraza kubwa, mama."

"Iko na nyumba ngapi?"

"Mbili."

"Mutu anachagua akiwa na miaka ngapi?"

"Kumi na munane, mama."

Binti yangu alikamata mukono yangu. Ndani ya telefone hakukuwa shanga, hakukuwa vidole. Jibu ilitoka kama vile unatoa mukono ku moto.

"Nani aliachilia watumwa?"

Mudogo wangu akataja jina ya ule presida. Jina ilikuwa ngumu, mama hakuijua, lakini alitikisa kichwa kama mutu anayesikia habari ya jamaa.

Tangu siku ile mama njo alikuwa mwalimu. Na alikuwa mwalimu kweli kweli, juu kichwa chake kilikuwa kimeanza kumwaga. Mimi namupatia maswali asubui, saa sita mustari umepotea. Anauliza ya mwisho mbele ya kwanza. Anauliza moja mara tatu mufululizo, na mudogo wangu anaijibu mara tatu, juu huwezi kuambia mama yako umeshauliza. Anaruka. Anachanganya na zake mwenyewe.

"Umekula nini?"

"Mchele na maharagi, mama."

"Nyota za drapo ni ngapi?"

"Makumi tano."

"Sababu gani?"

"Juu majimbo ni makumi tano."

"Ule mutoto wako wa kiume ameoa?"

"Bado, mama."

"Sababu gani? Na siku kuu ya uhuru ni gani?"

"Tarehe ine, mwezi wa saba. Mama, kuhusu kuoa, anasema anatafuta."

"Anatafuta wapi? Wanawake wamekwisha mu majimbo makumi tano?"

Jirani yetu aliacha makala yake ku mulango na kukuja kusikiliza kila jioni, alisema hii inapita tamthilia za televisheni. Mama aliuliza hata vitu ambavyo havikuandikwa. Presida akitoka mu kiti, anaishi wapi? Mudogo wangu hakujua, akaenda kuuliza binti yake, akarudia: kwake, na wengine wako hai, wanatembea, wanaenda hata ku sherehe ya ule aliyewafuata. Mama alitaka nimurudilie hiyo. Nikarudilia. Akauliza kama wanakula ku meza moja. Hatukujua.

Kisha kukawa neno moja ambalo lilitutia baridi. Binti yangu njo aliligusa. Alisema: "Tantine, unajua kama sheria ya kwetu haichanganye uraia? Ukiapa kule, hapa unakuwa mugeni. Utaomba viza ya kuingia."

Kisha mudogo wangu: "Najua. Na ku kiapo yao wanasema unaacha utii ya inchi yote ingine." Kisha akashusha sauti: "Yaya, mama anajua?"

Mama hakujua. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamueleza. Nilimwambia: ili akuje kukuona, lazima aache kuwa mutu wa hapa. Sikupenda vile ile neno ilitoka mu mudomo yangu.

Mama aliniangalia kama vile mimi njo niliyekuwa nimeanza kusahau. "Mimi nilizaliwa kwa nani?" akauliza.

"Kwa baba yako."

"Na nilienda kwa nani?"

"Kwa baba yetu."

"Siku nilitoka, nilikanyaga moto ya nyumba ya baba yangu ili izimike? Nilienda, nikapika ku moto ya watu wengine, nikazaa batoto ba kwao. Na wakati nilikuwa narudia kusalimia mama yangu nilibisha ku mulango kama mugeni, na kibo, kikapu ya unga, ku kichwa. Hakuna mutu alisema huyu si mutoto wa hapa. Walisema: muke wa watu amekuja kuona mama yake, mumupatie kiti." Akapumua. "Mwambie aape. Lakini aape vizuri, asiape na mudomo tu. Watu wanaokupokea wakati wa mvua, haufanye mchezo na kiapo chao."

Nilimurudishia mudogo wangu hayo maneno yote, neno kwa neno. Tulisikia tu anapangusa pua.

Siku ya egzame ya pili, kule ilikuwa asubui na kwetu jua ilikuwa inashuka. Umeme ilikuwa imeenda tangu siku mbili. Jirani alikuwa amepeleka telefone kuchajiwa ku kibanda cha mutu mwenye paneli ya jua, akairudisha ameifunga ndani ya kitenge kama mutoto mukembe wa kunyonya. Tulikaa. Binti yangu alisema tusali, tukasali, lakini mama alikataa kufunga macho. Alisema anaangalia telefone.

Ilipolia, hakuna mutu aliyeishika. Wote tuliiangalia. Jirani njo alipiga kelele: "Mukamate basi! Amerika itachoka!"

Mudogo wangu alikuwa analia na kucheka, hatukuelewa kwanza. Kisha akaeleza. Safari hii alikuwa mama wa biro, mutu wa makamo, mwenye miwani. Mutafsiri alisema Swahili ile ya radio, ya pwani, lakini aliisikia. "Mbele aulize swali ya kwanza," akasema, "nilijiambia: huyu ni mama ananiita. Akauliza, nikaitika. Akauliza, nikaitika. Hata sikungoja mutafsiri amalize, ule kijana akaniambia: subiri mama, mimi bado sijasema! Ya kwanza nilipata, ya pili, zote mpaka ya sita. Ya saba hakuuliza. Alifunga ile karatasi, akavua miwani, akanipatia mukono. Na alisimama, yaya. Mimi nikiwa nimekaa, yeye akasimama."

Nilimugeuzia mama. Nilipofika pale pa kusimama, akasema: "Rudilia." Nikarudilia. "Mukubwa wa serikali alisimama mbele ya mutoto wangu." Hakuwa anauliza. Aliisema tu, kwa sauti ndogo, kama mutu anapima kama inaweza kubebwa. Jirani alipiga kigelegele, na watu wa parseli ya juu, uwanja wa nyumba za majirani, wakauliza nani amezaa.

Kiapo kilikuja kisha. Mudogo wangu alituambia ilikuwa mu chumba kikubwa kama kanisa, watu wamejaa, wa rangi zote na nguo zote. Mutu moja alisimama mbele na kuanza kuita majina ya inchi. Akiita inchi, watu wake wanasimama na wanabaki wamesimama. Mexico, wengi wakasimama. Vietnam. Somalia. Aliposema Congo, mudogo wangu akasimama, na upande ule ingine akasimama kijana moja ambaye hakumujua, wakaangaliana. Wakaendelea kuita mpaka hakuna mutu aliyebaki amekaa. Hapo njo wakaapa wote pamoja, na wakakaa wote pamoja, na hakuna mutu aliyeitwa tena kwa inchi yake.

Aliponieleza hayo nilikuwa soko, nyuma ya meza yangu ya sambaza, telefone ku sikio. Wateja walikuwa wananisemesha, siwasikie. Mimi niliyeishi maisha yangu yote mu inchi hii, sijaona watu wakiulizwa wanatoka wapi ili kisha wakae pamoja. Kwetu tukiulizwa hiyo, tunaangalia kwanza njia ya kukimbilia.

Na alikuja. Alipitia Rwanda, na mimi na binti yangu tukaenda kumungojea ku mpaka, ku Ruzizi. Nilimuona ng'ambo ya daraja, mwanamuke munene na kofia, nikasema huyu si yeye. Alikuwa yeye. Alipofika upande wetu, kijana wa uhamiaji alichukua ile paspori ya buluu, akaangalia viza, akamuuliza mu Kifaransa, kisha mu Swahili, vile anaulizaka wageni wote: "Maman, umekuja kufanya nini Bukavu?"

Mudogo wangu aliitika mbio, mbele hata kijana afunge mudomo: "Kuona mama yangu."

Ule kijana akainua macho. Akauliza: "Iko hai?"

"Iko hai."

Akagonga muhuri. Akasema: "Basi, maman, enda mbio."

Ku nyumba, mama alikuwa amekataa kulala. Jirani alikuwa amemuvalisha kitenge kipya na kumuketisha ku kiti, si ku kitanda. Mudogo wangu aliingia, akapiga magoti, akaweka kichwa ku mapaja ya mama, na kofia ikaanguka. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Ku telefone hatukuziona, alikuwa anafunikaka kila mara. Nyeupe zote, kuliko zangu.

Mama aliweka vidole mule ndani. Alizigawanya, akaangalia, akazigawanya tena fasi ingine, kama mutu anatafuta kama zote ni vile. Mama yetu alizaa kumi, na alizika wengi wao wakiwa na nywele nyeusi. Aliniita nikaribie, akaniweka mukono ku kichwa changu, na ule mukono mwengine ku kichwa cha mudogo wangu, na akasema mu Mashi, si kwetu, nafikiri ni kwa Mungu: "Umeniachia niwaone wazeeke."

Hatukuwasha taa, ilikuwa bado muchana.

Sasa, nyinyi munaosoma, na zaidi nyinyi wa kilima chetu na wa parseli yetu. Mimi naandika vile nakumbuka. Jirani anasema mama alisema yale maneno mara mbili, mimi nilisikia mara moja. Binti yangu anasema kijana wa mpaka hakuuliza "iko hai", aliuliza "iko na miaka ngapi". Mudogo wangu amesharudia kule kwake, na yeye anasema ku sherehe waliita Somalia mbele ya Vietnam. Kama mulikuwepo na muliona vingine, mupite nyumbani, mulango haufungwaki mbele giza haijaingia. Muniambie pole pole, nitafuta na kuandika upya. Na kama muko na haraka, muulize mama. Iko pale ku kiti, atawajibu, hata kama hamukufuata mustari.